Alice Guy, yupo tangu mwanzo kabisa
Umeuliza kama enzi za filamu bubu kulikuwa na director mwanamke, yupo bana, muangalie Alice Guy wa Ufaransa. Alikuwa sekretari tu pale Gaumont, kampuni ya kamera na filamu jijini Paris, akamwomba bosi wake ruhusa atengeneze kafilamu kake, hiyo ni kama 1896 hivi. Baadae akahamia Marekani na mumewe, 1910 akaanzisha kampuni yake Solax, studio ikajengwa Fort Lee, New Jersey, na humo ndani akaweka bango kubwa la kuwakumbusha waigizaji wawe wa kawaida wasijilazimishe, hapo ndo namkubali sana. Ndoa ikavunjika, studio nayo ikaenda, 1922 akarudi kwao na hakuongoza tena filamu hata moja mpaka anafariki 1968. Inauma kwakweli, maana baadhi ya kazi zake walikuja kupewa sifa wanaume.