Maswali kwa Bibi Matumbawe: Shina la kahawia, ncha zilizopauka

Mwezi huu barua za taa za matangi ya matumbawe zimezishinda hata za samaki wagonjwa. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu shida yake naijua. Imewahi kunikosesha usingizi. Zilizobaki hazihitaji maneno mengi.

*Shikamoo Bibi. Tangi langu la maji ya chumvi lina urefu wa sentimita 120, upana 50 na kina 50. Juu yake nimening'iniza taa mbili za LED, zile za kisanduku. Acropora zangu, yale matumbawe ya matawi, zinarefuka, ncha zilikuwa na rangi nzuri, ila kwenye mashina na matawi ya ndani nyama imegeuka kahawia, na kwenye matawi mawili imeshabanduka, kimebaki kiunzi. Nikapandisha taa kutoka asilimia 60 hadi 80. Baada ya wiki mbili ncha zikaanza kupauka, na huko chini hali ni ile ile. Rafiki mmoja ananishauri niongeze kisanduku cha tatu katikati. Mwingine anasema taa hazina kosa, tatizo ni maji. Nimsikilize yupi?*
— Mwenye shina la kahawia

Marahaba, mwanangu. Rafiki wa kwanza kakaribia, wa pili nitamrudia. Lakini jibu umeliandika mwenyewe: uliongeza taa, juu kukaungua, chini hakukufika kitu. Mwanga unao wa kutosha, ila wote unateremka kwa njia moja.

Fanya hivi leo jioni. Zima pampu, ngoja maji yatulie, kisha shusha kijiti cheupe cha plastiki katikati ya matawi ya tumbawe lako kubwa. Juu kitang'aa, sentimita chache chini yake kitaingia gizani ghafla, kama mtu aliyetumbukia mvunguni mwa kitanda. Kivuli kile kina ukingo mkali kwa sababu mwanga unatoka mahali padogo: taa ya kisanduku ina LED nyingi zilizosongamana, na juu yake kuna lenzi zinazousukuma mwanga chini. Sisi tulioanza na taa za mirija hatukuhangaishwa sana na hili. Mrija wenye urefu wa tangi zima humulika kutoka huku na huko, kivuli chake kikawa laini. LED za buluu, ambazo Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walizifanikisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 (wakatunukiwa Nobel ya Fizikia mwaka 2014), zimetupunguzia umeme na joto, sikatai. Vivuli navyo zimetuletea.

Na kivuli kwa tumbawe ni njaa. Ndani ya nyama yake wamepanga vijimwani visivyoonekana kwa macho, viitwavyo zooksantela. Vikipata mwanga hutengeneza chakula na kumlipa mwenye nyumba; fungu hilo laweza kufikia asilimia 90 ya nishati anayoihitaji. Hata ujenzi wa kiunzi unategemea mwanga. Mwaka 1959 Thomas Goreau, akiifuatilia kalsiamu yenye mnururisho, alionyesha kwamba tumbawe hujenga upesi zaidi penye mwanga kuliko gizani. Sehemu iliyopungukiwa hujaza vijimwani zaidi na rangi zaidi ya kunasia kile kidogo kinachoifikia, ndiyo hiyo kahawia unayoiona. Usidhani ni uchafu. Ni tumbo linalonguruma. Ikiendelea hivyo, nyama huachia.

Ubaya ni kwamba Acropora inavyozidi kunawiri ndivyo inavyojitia kivuli yenyewe. Ulipoipachika kwenye jiwe ikiwa na ukubwa wa kidole gumba, haikuwa na ndani. Sasa ina ndani, na kila tawi jipya ni dari ya lile la chini yake.

Kisanduku cha tatu achana nacho; kitazipiga ncha zile zile kutoka juu. Tafuta taa mbili za LED za mstari, ndefu, zinazokaribia urefu wa tangi. Moja ifunge ukingo wa mbele, nyingine ukingo wa nyuma, zote ziinamie ndani kidogo ili mwanga upenye ubavuni, chini ya matawi. Na kabla hujaziwasha, virudishe visanduku vyako kwenye asilimia 60. Watu wengi husahau. Mwanga wa ziada unajumlishwa juu ya ule wa zamani, na ncha zako tayari zimeshalalamika.

Nikupe namba zangu. Nilipima kwa kipimo cha PAR, yaani mwanga wa kati ya nanomita 400 na 700, ambao ndio wa usanisinuru. Huhesabiwa kwa mikromoli za fotoni, yaani chembe za mwanga, kwa kila mita ya mraba kwa sekunde. Ncha zilisoma 310. Shinani, sentimita 8 chini yake, 40. Acropora nyingi huwa na raha kati ya 200 na 350, na kwa 40 hata baadhi ya matumbawe laini yangenuna. Nilipofunga taa za mstari na kuvipunguza visanduku, ncha zikasoma 290 na shina 95. Tisini na tano si nyingi, lakini shina halihitaji kuishi kama ncha, linahitaji kutokufa. Kahawia ilichukua miezi mitatu kufifia. Tawi lililokuwa limebaki mfupa lilifunikwa na nyama tena upande mmoja tu; upande wa pili mwani ulikuwa umeshawahi kuota, na nyama ikasimama palepale hadi leo.

Kosa langu lilikuwa kwenye uwashaji. Jioni ile nilikuwa na furaha ya mtoto aliyepewa baiskeli, nikaziwasha taa za mstari kwa nguvu zote. Acropora zilivumilia. Lakini chini, karibu na mchanga, nilikuwa na Montipora bapa, tumbawe la aina nyingine, iliyozoea kivuli kwa mwaka mzima, sikuikumbuka kabisa. Siku ya tano ilikuwa nyeupe kama sahani. Kwa hiyo wewe anza na asilimia 20, ongeza 5 kila baada ya siku tano, na ukiona tumbawe lolote linapauka rudi hatua moja na utulie hapo. Mwezi mzima utakwisha ukifanya kazi hii. Acha uishe.

Sasa rafiki wa pili. Njaa ya mwanga huja polepole: kahawia kwanza, kwa wiki nyingi, ndipo nyama ibanduke. Ukiona nyama inachubuka kuanzia shinani ndani ya siku chache, bila kupitia kahawia, taa umezionea bure. Hapo pima alkalini, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi, siku tano mfululizo, saa ile ile. Mimi huishikilia kati ya 8 na 9 kwa kizio chake, dKH, na nimeona kuyumba kwake kukiumiza kuliko namba yenyewe. Chungulia na mwendo wa maji: matawi yaliyosongamana huzuia mkondo kama yanavyozuia mwanga, na pampu yako huenda inapiga kioo tu.

*Bibi, nimetumia kipimo cha lux juu ya maji. Taa yangu ya buluu imesoma kidogo kuliko taa nyeupe ya kusomea! Nimeuziwa taa mbovu?*
— Mwenye wasiwasi

Hapana. Lux ni kipimo cha jicho la binadamu, na jicho letu huona vizuri zaidi rangi ya kijani yenye manjano, karibu na nanomita 555. Kwenye 450, ambako taa yako inafanyia kazi zake nyingi, uwezo wa jicho ni chini ya moja ya ishirini ya huo. Kipimo kinakudharaulia taa kwa sababu kinatazama kama wewe. Programu za simu nazo usizitegemee kwa taa za buluu. Azima kipimo cha PAR kwa siku moja, ukiwa na daftari, na upime sehemu kumi za tangi pamoja na pembe.

*Nimesikia mimea hupenda mwanga mwekundu. Niongeze taa nyekundu ili matumbawe yakue upesi?*
— Kijana mwenye haraka

Wapangaji wa tumbawe walizoea bahari, na bahari huimeza nyekundu katika mita za mwanzo tu. Buluu ndiyo hushuka mbali. Klorofili yao na rangi yao nyingine iitwayo peridinini hula vizuri buluu na buluu inayoelekea kijani. Kwa hiyo taa ya ziada iwe ya nanomita 420 hadi 480 zaidi, na nyeupe kidogo kwa ajili ya macho yako. Nasema nyeupe kidogo maana yapo matangi siku hizi yanafanana na ukumbi wa disko: matumbawe yanawaka kijani na chungwa kwa sababu protini zake humeza buluu na kurudisha rangi nyingine, mwenye tangi anafurahi, na hajui hata kama samaki wake ana vidonda.

*Taa zangu huwaka saa 14 kwa siku. Matumbawe hayakui haraka zaidi, ila vioo vimejaa mwani. Nipunguze?*
— Msugua vioo

Punguza, mama, hadi saa 8 au 9. Hesabu ni nyepesi: PAR 200 kwa saa 8, kila saa ikiwa na sekunde 3,600, ni 200 × 3,600 × 8, yaani mikromoli 5,760,000, sawa na moli 5.76 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Kwa saa 14 inakuwa 10.08. Vijimwani vya tumbawe vina kikomo. Vikishashiba kwa saa ile, ziada haivisaidii, na ikizidi sana huvidhuru. Mwani wa vioo ndio unaokula makombo. Punguza nusu saa kila siku mbili, na pima nitrati na fosfati pia, ambazo ni mbolea ya mwani, maana taa peke yake haioteshi mwani. Taa ya mwezi usiku ni pambo tu. Ukipenda, iwe hafifu, lakini giza lenyewe uliache liwepo.

*Taa yangu ya LED ina miaka miwili. Naona imedhoofika, matumbawe yamekuwa na kahawia. Ninunue nyingine?*
— Mwenye taa iliyochoka

LED hufifia polepole sana, miaka miwili ni michache. Ichomoe kwenye umeme, iache ipoe, igeuze uitazame uso. Nadhani utakuta ukungu mweupe wa chumvi umeganda kwenye kioo chake, na vumbi kwenye feni. Feni ikiziba, taa nyingi hujipunguza zenyewe zisiungue. Kitambaa laini, maji yasiyo na madini, na siki nyeupe kidogo kwa chumvi sugu. Waya ukiurudisha, uache uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondoke sakafuni lisifuate waya hadi kwenye umeme.

Ila ukishaifuta, usiirudishe kwenye nguvu ile ile. Kwa miezi yote hiyo tangi lako limezoea taa chafu. Anza kwa kupunguza asilimia 20, upande taratibu kama nilivyomweleza huyo wa kwanza, au na wewe utapata sahani nyeupe kama yangu.