Skyline R33 inamisi turbo ikianza kusukuma: anza na mwanya wa plagi kabla ya kununua chochote

Mkuu uliyeuliza kuhusu Nissan Skyline R33 GTS-T yako, kwamba ukienda taratibu haina tatizo lolote ila ukiikanyaga ikafika kama rpm 4000 na turbo imeshaanza kusukuma inakatakata kama mtu anawasha na kuzima swichi, hiyo shida nimekaa nayo karibu miezi 5 kwenye ya kwangu ya 1994, injini hiyohiyo RB25DET, kwa hiyo nitaandika kwa urefu kidogo maana najua inavyokera.

Umesema fundi ameshakwambia ununue pampu ya mafuta. Subiri kwanza. Mimi niliambiwa hivyohivyo nikanunua, nikafunga, nikaenda barabarani nikakanyaga na gari ikakata palepale ilipokuwa inakata jana yake. Sikiliza ile misi yenyewe (silinda kukosa moto) inavyokuja. Mafuta yakipungua, au hewa ikiwa inavuja kwenye mabomba ya intakula (kile kipoza hewa ya turbo), gari mara nyingi inakuwa nzito, inavuta kama imechoka. Ya moto wa plagi ni kali, pa pa pa, unaisikia mpaka kwenye kiti, na ukiachia mafuta kidogo tu inapona hapohapo kama hakuna kilichotokea. Wewe umeandika "swichi", na mimi naamini hilo neno.

Kwa nini iwe turbo ikisukuma tu? Cheche inatakiwa iruke ule mwanya wa plagi, na hewa ikigandamizwa zaidi ndani ya silinda ndo inavyozidi kuwa ngumu kurukwa, kwa hiyo koili, kile kifaa kinachotengeneza umeme wa cheche, inalazimika kupandisha volti juu zaidi. Sasa koili za hizi gari zina umri wa miaka karibu 30, zimekaa muda wote huo zimefunikwa katikati ya zile tapeti kava mbili (vifuniko vya juu ya injini) ambako joto halina pa kutokea, plastiki yake inapasuka nyufa nyembamba kama unywele. Ukiendesha taratibu volti ni za chini, cheche inapita kwenye plagi kama kawaida. Ukikanyaga, volti zinapanda, umeme unaona njia ya ufa ni rahisi kuliko njia ya plagi, unarukia kwenye chuma cha jirani na silinda inakosa moto.

Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza hakihitaji ununue koili hata moja. Toa plagi zote 6, pima mwanya kwa fila geji (vile vibamba vyembamba vya kupimia). Kama umefungiwa zile zinazoishia na -11 ujue zimewekwa 1.1 mm. Funga za mwanya wa 0.8 mm, NGK BCPR6ES za kawaida zinakuja hivyo kutoka kiwandani, ukiwa umeongeza busti (msukumo wa hewa ya turbo) nenda BCPR7ES ambayo inapoza zaidi. Halafu rudi barabarani. Kama misi imeisha kabisa au imehama kutoka 4000 mpaka 5500 basi umeshapata jibu, mfumo wa moto umechoka na mwanya mdogo umeupunguzia mzigo. Kama haijabadilika hata kidogo, hapo ndo urudi kwenye hewa na mafuta. Ya kwangu ilihama mpaka karibu 5800, nilifurahi sana siku ile ingawa gari ilikuwa bado mbovu, maana kwa mara ya kwanza nilijua natafuta nini.

Wakati wa kuzitoa hizo plagi injini iwe imepoa kabisa, silinda hedi ni ya aluminiamu na nyuzi zake ukizikwangua zikiwa za moto umejitafutia kazi nyingine kubwa. Fungua lile bamba refu la katikati, andika namba kwenye kila waya wa koili kabla hujachomoa (silinda 1 ni ile ya mbele, upande wa radieta), kisha puliza upepo kwenye kila shimo kabla ya kugusa plagi kwa sababu mchanga na mabaki yote yaliyokaa pale chini yakidondoka yanaingia ndani ya injini. Soketi ya kufungulia plagi ni ya 16 mm. Kurudisha, chomeka kipande cha mpira wa bomba juu ya plagi mpya uizungushe kwa vidole, ikikataa unauhisi mpira unateleza, unaitoa unaanza upya. Ikishakaa kwa mkono unaongeza nusu mzunguko mpaka theluthi mbili kwa spana, ndo washa yake mpya (ile ringi ya chuma) inavyobanwa, na usipake grisi kwenye nyuzi za plagi ambazo tayari zina rangi ya fedha, unaishia kukaza kupita kiasi bila kujua.

Ukishakuwa na koili mezani zichukue moja moja ukiwa na tochi kali. Usitegemee multimita kukuambia koili nzima au mbovu, ile inapima kwa volti chache wakati koili ikiwa kazini inatoa maelfu kwa maelfu, zangu zote 6 zilisoma karibu sawasawa na moja ilikuwa imekufa nusu. Niliipata kwa macho. Ilikuwa ya silinda ya 4, ubavuni ina kamstari kembamba ka kijivu kama majivu ya sigara, nilidhani ni vumbi nikafuta kwa kidole hakakutoka, nikapitisha ukucha ukakwama. Nikaangalia kwenye bano la chuma mahali ambapo ule ubavu unaelekea nikakuta kadoa keusi kadogo kama kichwa cha pini, pameungua. Hapo ndo umeme ulikuwa unatua miezi yote hiyo. Angalia pia ule mpira wa chini ya koili na kile kigae cheupe cha plagi, ukiona mstari mweusi unaotoka juu kwenda chini ujue cheche imekuwa ikipita nje.

Kama huoni ufa wowote, hamisha. Kama inamisi hata bila kukanyagwa, tafuta silinda yenye misi kwanza kwa kuchomoa soketi ya waya wa koili moja moja injini ikiwa inanguruma, sekunde chache tu na shika plastiki pekee, ile ambayo ukichomoa mlio haubadiliki ndo iliyolala. Zima, hamishia koili yake silinda nyingine. Misi ikihama na koili, koili ni mbovu. Ikibaki palepale, shida ni waya, injekta, au ignaita (kile kinachowasha na kuzima umeme wa koili). R33 za mwanzo, series 1, ignaita ni kiboksi kimoja peke yake nyuma ya injini, za kuanzia 1996 kila koili imebeba yake ndani, kwa hiyo ukinunua koili hakikisha ni za series yako maana hazibadilishani bila kugusa waya.

Watu watakushauri uzungushie utepe wa umeme au silikoni. Nilifanya. Ilitulia wiki 3, joto likaila, ikarudi palepale. Nunua zote 6 kwa pamoja, zina umri mmoja na moja ikishapasuka nyingine ziko njiani.

Halafu kitu ambacho karibu kinitie wazimu. Nilifunga koili mpya 6, busti ikawa safi mpaka juu, ila injini ikishika joto ikiwa imesimama inatikisika kidogo, kama inakohoa mara moja moja. Nikapima volti kwenye soketi ya waya wa kila koili swichi ikiwa imewashwa, tano zilikuwa karibu sawa na betri, ya silinda ya 2 ilikuwa chini kwa volti 2 nzima. Zile soketi plastiki yake imekuwa kama biskuti, kile kilipu cha kufungia kilikuwa kimekatika zamani, na ndani pini moja ina kutu ya kijani. Nikabadilisha soketi, nikakwangua na ile sehemu ya ethi, pale nyaya za koili zinapofungwa kwenye chuma, mpaka chuma king'ae, ikatulia mpaka leo. Kwa hiyo ukivuta zile soketi usivute waya, na iliyokatika badilisha siku hiyohiyo.

Kingine, hujasema busti yako ni ngapi. Kama umeipandisha juu ya ile ya kiwandani na bado una kontroli boksi (kompyuta ya injini) ya Nissan yenyewe, ikiona hewa nyingi kupita hesabu zake inamwaga mafuta na kurudisha taimingi (wakati wa cheche) nyuma, gari inakohoa na kutoa moshi mweusi, na hiyo koili mpya haziigusi. Rudisha busti ya kawaida kwanza kabla ya kupima.

Na usiendelee kuikanyaga hivyo ikiwa inamisi, mafuta yasiyoungua yanaenda kuwakia kwenye katalisti (kichujio cha moshi kwenye ekzosti) na kuiyeyusha.

Anza na mwanya, ukishazipanga plagi zako mezani kwa namba 1 mpaka 6 niambie ipi ina rangi tofauti na wenzake, tutaendelea kuanzia hapo.