Shangazi, kelele za wakwe zinaniumiza

*Shangazi shikamoo. Nina miaka 31, nimeolewa mwaka wa nne huu, naishi Tanga. Mimi ni mtu wa ndani, mwepesi wa kuumia; watu wengi wananichosha mpaka kichwa kinagonga. Mume wangu ana ukoo mkubwa na kila shughuli inafanyika kwetu. Kwenye hitima ya babu yake nilijifungia chumbani toka asubuhi, mkwe akaishia kuniwekea sahani ya pilau mlangoni. Sasa mume amenuna. Nataka amani na nafsi yangu. Nifanyeje? Mpenda Utulivu.*

Marahaba, mwanangu, na pole. Kuchoshwa na watu si ugonjwa wala si kiburi. Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, aliandika habari za watu wa aina yako tangu 1921, na bibi zetu walikuwa wakiwajua kabla yake. Pole yangu inaishia hapo.

Barua nimeisoma mara mbili. Mume "amenuna", hujasema amekugombeza. Mkwe "akaishia" kukuletea sahani. Akaishia! Mama wa watu ana hitima, masufuria yako motoni, uani kumejaa, anakumbuka kuna mtu hajala. Anapakua, bila shaka anafunika na kawa, anaiweka mlangoni kwako. Huyo ndiye aliyekuelewa nyumba nzima, nawe umemtaja kama kero.

Sikufichi, niko upande wao. Ndoa za siku hizi zimeingiliwa na maneno ya kwenye simu. Mtu akisomewa "linda amani yako", anakimbilia komeo. Wanaume nao wamo: baba kaziba masikio kwa spika za masikioni, eti anatafuta utulivu, mtoto analia pembeni. Zamani nyumba moja ilikuwa na wapangaji sita na choo kimoja, na wapole walikuwemo humohumo.

Waliwezaje? Walichambua mchele. Kwenye shughuli shika ungo, kaa pembeni ya mkeka. Mikono ina kazi, macho yako chini, hakuna anayekudai maneno. Pepeta, toa chuya, ukizidiwa aga: "Mama, kichwa kimechemka, naingia ndani kidogo." Aliyeaga anapumzika; asiyeaga kasusa. Na mumeo mwambie usiku wa kuamkia shughuli, si asubuhi wageni wakiwa wamefika.

Halafu hiyo sahani ya mkwe, ulimrudishia au mpaka leo iko chini ya kitanda?