Chagua Mwaka Kwanza, Ndipo Ununue Injini

Watu wanaofika gerejini kwangu hapa Riverside, California, wakitaka kuunda hotirodi ya mtindo wa zamani, yaani gari kuukuu lililopunguzwa uzito na kutiwa injini yenye nguvu, karibu wote huanza na swali moja: niweke injini gani? Mimi huwarudisha nyuma kidogo na kuwauliza gari lao litakuwa la mwaka gani. Simaanishi mwaka lilipotoka kiwandani, kwa maana huo umeandikwa kwenye kadi, bali mwaka ambao kijana mwenye fedha chache na spana zake angekuwa analimalizia uani kwao. Ukishauchagua mwaka huo, gari lenyewe litakuwa likikujibu: tairi za kimo gani, kabureta ngapi, taa zipi, hata kiti kishonwe vipi. Usipouchagua, utanunua kila chuma kitakachokupendeza macho, na mwisho wake utapata gari ambalo mbele ni la 1940, katikati ni la 1965 na nyuma halijulikani.

Mimi nilichagua 1948. Tangu kabla ya 1937, mwaka ilipoundwa SCTA, chama cha kupima mwendo cha kusini mwa California, vijana walikuwa wakikimbiza magari yao kwenye maziwa makavu ya jangwa la Mojave, kwanza Muroc na baadaye El Mirage. Waliyapenda zaidi mabodi ya rodista ya Ford Model A, ya miaka ya 1928 hadi 1931, kwa sababu rodista haina paa la bati wala vioo vya kupandisha milangoni, kwa hiyo ni nyepesi. Nao waliipunguzia uzito zaidi kwa kung'oa madigadi, boneti na hata kioo cha mbele. Ndani yake walifunga injini ya V8 ya Ford, yaani ya silinda nane, nne kila upande. Langu basi ni bodi ya 1929 juu ya chesisi ya Model A, pamoja na injini ya 1946 hadi 1948, yenye inchi za ujazo 239, yaani takriban lita 3.9, ambayo ilipotoka kiwandani ilikuwa na nguvu za farasi 100. Kanuni ya mwaka nimeivunja mahali pawili tu, kwenye mikanda ya usalama na kwenye masta silinda, yaani pampu inayosukuma mafuta ya breki, na kwa hayo siombi radhi.

Sasa nije kwenye injini hiyo, maana ndiyo iliyonigharimu. Wamarekani huiita kwa jina lenye maana ya kichwa bapa, kwa kuwa silinda hedi zake, yaani vifuniko vya juu ya silinda, ni kama sahani nene tu. Valvu zote zimo ndani ya bloku, yaani mwili wenyewe wa injini. Moshi haukimbilii nje moja kwa moja, bali hupita kwenye njia zilizochongwa katikati ya maji ya kupoozea hadi utokee ubavuni, na silinda mbili za katikati kila upande huchangia tundu moja, ndiyo maana utahesabu matundu matatu ya ekzosi kwa silinda nne. Mpangilio huo huyatia maji joto kali, na bloku iliyochoka hupata ufa kati ya kikalio cha valvu na ukuta wa silinda, mahali ambapo jicho halioni kwa urahisi.

Bloku yangu ya kwanza niliinunua kwenye gulio la vipuri la Pomona, Jumapili moja alfajiri, nikiwa na tochi mkononi. Ilikuwa imesafishwa na kupakwa rangi ya kijani iliyong'aa, nami, fundi niliyeanza kazi hii Tanga nikiwa kijana mdogo, nikadanganywa na rangi. Niliipeleka ikachongwe silinda, nikalipa, nikanunua pistoni za saizi mpya, na ndipo nilipoipeleka kupimwa nyufa kwa sumaku na unga wa chuma. Unga ule ulijipanga mstari mwembamba kama unywele, kutoka kwenye valvu ya kutolea moshi hadi ndani ya silinda. Nilibaki na pistoni nane mpya zisizo na bloku. Kwa hiyo utaratibu uwe huu: ioshe bloku kwenye pipa la dawa, ipime nyufa, ipime kwa mgandamizo wa maji, na hapo tu ndipo uitoe fedha ya kuchonga. Muuzaji asiyekubali kukurudishia fedha bloku ikionekana na ufa, muache na bloku yake.

Hata bloku nzima huficha taka. Mchanga wa kalibu ya kiwandani, pamoja na vipande vya waya vilivyoushikilia, hubaki kwenye njia za maji kwa miongo mingi na kushikamana na kutu. Kwenye bloku yangu ya pili nilikaa jioni tatu nikichokoa kwa waya uliopindwa ncha, nikajaza kopo moja la rangi la lita nne. Wanaolalamika kwamba injini hizi huchemka kwa asili yake, wengi wao hununua rejeta ya bei kubwa badala ya kuchokoa.

Jambo la pili linalohitaji subira ni ekseli ya mbele. Ford wa enzi hizo hakuweka springi mbili za kulala ubavuni kama za Land Rover tulizozizoea Tanga. Aliweka moja tu iliyokaa kwa kukingama, mbele moja na nyuma moja. Kingpini, yaani pini ambayo gurudumu la mbele huizunguka likikata kona, lazima ilale kidogo kwa nyuma upande wa juu, ili magurudumu yajirudishe yenyewe kunyooka baada ya kona, na kwa ekseli ya namna hii digrii 5 hadi 7 zinafaa. Mimi nilipima digrii 6 wakati fremu imelala sawasawa juu ya stendi, nikachomelea kila kitu kwa furaha. Kisha nikafunga tairi kubwa nyuma na ndogo mbele, kama mtindo unavyotaka, juu ya ekseli iliyopindwa ili kulishusha gari, na upande wa mbele ukawa chini kuliko wa nyuma kwa inchi nne na nusu. Kuinama huko kulikula digrii mbili na nusu. Nilipofika maili 40 kwa saa, usukani ulitetemeka hadi nikasimama pembeni ya barabara. Kwa hiyo wewe ishike ekseli kwa nukta chache za kuchomelea tu, weka injini, gia boksi, rejeta na betri, funga tairi utakazotumia, pakia vitini magunia ya mchanga yenye uzito wa watu wawili, kisha upime tena.

Kuhusu breki sina mengi. Model A ilitoka na breki za fito, nazo uziache makumbusho. Ford alianza hidroliki, yaani breki zinazosukumwa na mafuta, mwaka 1939, na dramu za kati ya mwaka huo na 1948 zinatosha gari jepesi. Masta silinda ya zamani, hata hivyo, ina chumba kimoja, na bomba moja likivuja unabaki bila breki gurudumu lolote. Yangu ina vyumba viwili na imefichwa chini ya sakafu.

Bodi mpya ya chuma inatengenezwa hadi leo na Brookville Roadster ya Ohio, na sioni aibu yoyote kuinunua kuliko kulipa miezi ya kunyoosha kutu.

Rangi iwe ya mwisho kabisa, baada ya maili 500 za kuendesha gari likiwa bati tupu. Langu limefika maili 380, na daftari la kasoro lililomo chini ya kiti lina mistari 41. Wa karibuni unasema kwamba mkono wa usukani unagusa bomba la ekzosi nikikata kona kali kushoto. Jumamosi nitalikata bomba hilo na kulichomelea upya, kazi ambayo nisingethubutu kuifanya karibu na rangi mpya.