Umeme wa Mashine Yangu Ulikuja bila Hela ya Soda

Wiki hii dada mmoja ameniandikia. Mashine yake ya kusaga iko tayari na mtaji anao, lakini "fundi" anamtaka atoe hela ya nguzo, la sivyo jina lake litaenda mkiani. Dada yangu, usitoe. Mashine yangu leo inasaga kwa umeme wa njia tatu, ule wa mashine kubwa, na sikumpa mtu hata hela ya soda.

Kwetu kishoka, yaani mtu anayejifanya wa shirika la umeme ili ale hela za watu, alitangulia kuliko umeme. Kijana nadhifu, shati lina nembo, mkononi daftari la majina. Akasema nguzo zimebaki chache, tena majirani wameshawahi. Nikamwomba kitu kimoja tu: namba ya malipo ya serikali. Mara mtandao unasumbua, mara bosi wake ataituma jioni. Nikamwita mwenyekiti wa kitongoji, nikarudia swali lile lile mbele yake. Daftari likafungwa. Majirani waliokwisha kulipa walinicheka kwamba nitazeekea gizani, na waliyasema hayo watoto wangu wakisikia. Bado yananiuma.

Nikajaza fomu ya TANESCO mwenyewe. Nyaya nikafungiwa na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji. Kila karatasi nikabaki na nakala yenye tarehe na muhuri. Kimya kilipozidi nikaandika barua, nakala nikaipeleka EWURA CCC, baraza la watumiaji, ambalo halidai malipo kumsaidia mtu kufuatilia. Nguzo zikaja.

Sasa sikilizeni, wenye ndoto za viwanda. Kishoka silaha yake ni haraka, na haraka hiyo hiyo ilishaitikisa nchi. Mwaka 2006 ukame ulikausha mabwawa, mgawo ukatubana, ukasainiwa haraka mkataba wa umeme wa dharura na kampuni ya Richmond, ambayo haikuwa na uwezo wa kuuleta. Februari 2008, baada ya ripoti ya kamati teule ya Bunge chini ya Harrison Mwakyembe, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu. Mkataba wa taifa na fomu yako vinataka jicho lile lile: nani anauza, kwa idhini gani, risiti iko wapi?

Leo Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, na miradi ya REA, wakala wa umeme vijijini, imeshuka hadi vitongojini. Kumuunganisha mwanakijiji umeme wa njia moja, ule wa nyumbani, ni Sh 27,000, na nguzo haiuzwi. Anayekutajia bei ya nguzo anauza mali isiyo yake. Ukimlipa, hela hiyo utairudisha kwenye bei ya kusaga, na atakayeitoa ni mama aliyejitwika debe lake la mahindi. Halafu tunashangaa unga umepanda!

Dada, nenda ofisi ya TANESCO mwenyewe na kitambulisho chako. Omba fomu, uliza makadirio kwa maandishi, lipa kwa namba ya serikali tu. Na huyo fundi akirudi, mpokee mwenyekiti akiwa amekaa hapo.