Noti za visukuku kwa ajili ya Science Olympiad: sisi tunaziandaa hivi

Salaam wakuu. Dada wa Columbus ameuliza kuhusu binti yake wa darasa la saba aliyepangwa kwenye tukio la visukuku (mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe) la Science Olympiad, mashindano ya sayansi ya shule za Marekani. Mwalimu kampa orodha ndefu ya majina ya Kilatini, kamwambia aandae noti, na mtoto hajui aanzie wapi. Nimekuwa nikisaidia timu ya shule ya wanangu hapa Ohio kwa misimu kadhaa na tukio hili nalipenda kuliko yote, kwa hiyo mnivumilie, nitaandika kwa kirefu.

Dada, jambo la kwanza ni kujua mtihani wenyewe ulivyo. Watoto huingia wawili wawili na kuzunguka vituo. Kila kituo kina jiwe au picha na maswali yake, na muda ukiisha wanahamia kingine hata kama hawajamaliza. Wanaruhusiwa kuingia na noti zao kwenye faili la pete. Ukubwa wa faili na vitu vingine vinavyoruhusiwa hubadilika, kwa hiyo pakueni kanuni za msimu huu wenyewe, msitegemee maneno ya aliyeshiriki zamani.

Sasa noti. Wengi wanachukua orodha, wanakopi maelezo ya mtandaoni, ukurasa mmoja kwa kila jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu), kisha wanazipanga kwa alfabeti. Alfabeti inamfaa mtu ambaye jina ameshalijua. Mtoto aliyesimama mbele ya jiwe hana jina, ana umbo tu mkononi. Ndiyo maana kurasa za mwanzo za faili letu ni za maumbo: vyenye umbo la skrubu, vyenye umbo la pembe, vilivyonyooka kama fimbo, vyenye vyumba vya pembe sita, vyenye mabawa. Chini ya kila umbo zinafuata jenasi zote za orodha zinazoweza kuwa hivyo, na namba ya ukurasa. Mtoto akiona skrubu anakutana na Archimedes na Turritella pamoja, halafu anaamua. Turritella ni konokono, ana gamba lenye uwazi ndani na mdomo. Archimedes ni briozoa, yaani koloni la wanyama wadogo sana wa majini, na hiyo skrubu ni mhimili tu uliobaki baada ya nyavu zake kukatika.

Hizi jozi zinazochanganya ndizo zinazoamua nani anapata medali, kwa hiyo hapa msiwe wavivu. Chukua brakiopodi, mnyama wa baharini mwenye magamba mawili, na kombe. Sisi tuliokulia pwani tukiona gamba la pande mbili tunasema kombe, basi. Mfundishe binti aanzie kwenye bawaba na kupiga mstari wa kufikirika katikati ya gamba moja hadi ukingoni. Kushoto na kulia vikilingana, huyo ni brakiopodi. Kwa kombe la kawaida mstari huo hautoi nusu sawa. Ulinganifu wake uko baina ya gamba la kushoto na la kulia. Halafu aandike kwa wino mwekundu wale wanaovunja kanuni: Pecten ni kombe lakini karibu alingane kushoto na kulia, na Gryphaea gamba lake moja limejikunja nene huku jingine ni kifuniko bapa.

Matumbawe nayo yana mtego wake. Favosites ana vyumba vidogo vilivyobanana, na ndani yake huoni kuta za kuelekea katikati. Hexagonaria ana vyumba vikubwa zaidi, na kuta nyembamba zinatoka katikati kama miale. Huyo ndiye jiwe la Petoskey, jiwe rasmi la jimbo la Michigan tangu 1965. Halysites hana shida, ni minyororo.

Trilobiti, wale wanyama wa baharini wa kale wenye gamba la pingili, wapeni ukurasa wa pamoja wa kulinganisha, kichwa kwa kichwa na mkia kwa mkia. Isotelus ni laini, na kichwa na mkia vinakaribiana ukubwa. Ni wa Ordovisi (kipindi cha kijiolojia, kama Kambri, Devoni na Permi mtakazokutana nazo chini), na tangu 1985 ni kisukuku rasmi cha Ohio, kwa hiyo hapa kwetu usishangae watunga mtihani wakimpenda. Cryptolithus hana macho, ana ukingo mpana wenye vishimo. Elrathia ni wa Kambri, yule mdogo bapa anayetoka Utah. Eldredgeops ana macho ambayo kwa lenzi ya mkononi unaona vioo vyake kimoja kimoja. Vitabu vya zamani vinamwita Phacops. Noti ziwe na majina yote mawili, ila jibu liwe lile lililo kwenye orodha ya mwaka huo.

Picha ziwe nyingi kuliko maneno, na zisiwe nzuri tupu. Tafuta zilizovunjika, za ubavuni, zilizozama nusu kwenye mwamba. Mtunga mtihani hatakuletea ile picha ya kwanza ya Google.

Muda wa kijiolojia uwe ukurasa mmoja nyuma kabisa, na rangi ya kila kipindi ipakwe kwenye ukingo wa kurasa za jenasi husika. Mtoto akifunua anaona papo hapo kwamba trilobiti wanakoma mwisho wa Permi, miaka milioni 252 iliyopita, na amoniti, jamaa wa pweza wenye gamba la mzunguko, miaka milioni 66 iliyopita. Hapo pia ziwekwe njia ambazo visukuku huhifadhika na hesabu ya nusu-maisha, yaani muda wa nusu ya atomi za mionzi kuoza: kaboni-14 ni miaka 5,730, potasiamu-40 ni bilioni 1.25. Akiulizwa kama kaboni-14 inaweza kupima umri wa dinosau, ajue kwa nini haiwezi.

Kwenye mimea, Glossopteris mwelezeni binti kwa raha. Jani lake linafanana na ulimi, na limepatikana Amerika Kusini, India, Antaktika, Australia na Afrika, pamoja na miamba ya makaa ya mawe ya bonde la Ruhuhu kusini mwa Tanzania. Ni ushahidi kwamba nchi hizo zilikuwa bara moja, Gondwana. Mwanangu alipojua hilo hakulisahau tena.

Noti aandike mtoto mwenyewe. Mzazi kazi yako ni kuchapisha picha, kukata na kumhoji. Faili la kununua au la kuazima halifai, kwa sababu kasi ya kulifunua inatokana na kulitengeneza.

Na mpelekeni akashike mawe. Fossil Park ya Sylvania, karibu na Toledo, ina miamba laini ya Devoni ambayo unaivunja kwa vidole, nyundo haziruhusiwi, na unachookota ni chako. Hapo Mucrospirifer, brakiopodi yule mwenye mabawa yaliyochongoka, anapatikana. Kwa Ordovisi nendeni Caesar Creek, karibu na Waynesville: pitieni kwanza ofisi ya wageni mchukue kibali, ni bure, na msibebe jiwe linalozidi kiganja cha mkono. Ukiwa tayari na orodha ya mwaka huu iweke hapa, tuzipange jenasi kwa maumbo pamoja.