Muulize Fundi: Jeki Ikizama Kwenye Bodi

SWALI: Fundi, salamu. Mimi ni mwalimu, naishi ndani kidogo ya Khayega, na nina Vitz niliyonunua kwa mtu. Juzi nilipata pancha nyuma upande wa kushoto. Nikaiinua kwa ile jeki yake ya kuzungusha, bati likalia kra-kra, jeki ikazama, na mlango wa nyuma ukakataa kufunguka hadi niliposhusha gari. Kijana wa pancha anasema magari madogo ndivyo yalivyo, niwe nikiweka kipande cha mbao. Ni kweli?
– Mwalimu, Khayega

JIBU: Mwalimu, asante kwa kutaja huo mlango. Wengi huniandikia habari za jeki tu, nami nabaki kubahatisha. Mbao haitakusaidia. Vitz haina chasi ya kubeba bodi kama pikapu. Bodi yenyewe ndiyo chasi, na nguvu yake kubwa iko kwenye lile boksi la bati linalopita chini ya milango, ambalo sisi mafundi tunaliita sili. Mlango ukikwama gari likiwa juu, ujue sili imelegea na bodi inajipinda hapo. Hiyo ni kazi ya fundi wa bodi, kijana wa pancha muache na tairi zake.

Lakini kwanza tuhakikishe jeki ilikaa pake. Chini ya sili kuna pindo la bati lililosimama. Lipitishie kidole: mbele kidogo ya gurudumu la nyuma utagusa mapengo mawili madogo, na mengine mawili yako nyuma ya gurudumu la mbele. Jeki hukaa katikati ya mapengo hayo, pindo likiingia kwenye mfereji ulio juu ya kichwa chake. Hapo kiwandani waliongeza bati kwa ndani. Ukitoka nje ya alama hizo, hata bati lisilo na kutu litabonyea. Kama uliiweka barabara na bado ikazama, hiyo ni kutu.

Na kutu ya sili huanzia ndani, ndiyo maana huioni. Sili ina matundu ya kutolea maji. Matope mekundu ya njia zenu yanayaziba, mvua ya Kakamega ya kila alasiri inamalizia kazi. Halafu kumbuka gari hili lilitembea Japani kabla ya kufika kwetu, na sehemu za huko zenye theluji, kama Hokkaido, barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Sheria yetu hairuhusu gari la zaidi ya miaka 8 kuingia nchini, lakini chumvi haihitaji miaka yote hiyo kuozesha bati.

Fanya hivi. Tafuta sumaku ya spika ya redio iliyokufa, izungushie kitambaa isikwaruze rangi, uipitishe polepole kwenye sili yote. Kama kuna sketi ya plastiki iliyofunika sili, itolewe kwanza. Inaposhika pana bati. Inapoachia na kuanguka pana fila, ule udongo wa kuzibia mashimo ya bodi, na aliyekuuzia huenda alijua. Ukimaliza, gonga chini kwa mpini wa bisibisi. Bati zima hulia, bovu hutoa sauti ya kadibodi.

Hadi litengenezwe, upande huo usiuinue tena kwa jeki ya kuzungusha. Tumia jeki ya troli. Nyuma, iweke chini ya ekseli pale springi inapokalia; mbele, kwenye boriti ya chuma inayoshika mikono ya chini ya magurudumu. Usiguse sampu ya oili, lile bakuli lililo chini ya injini, wala sakafu ya gari. Ukiinua nyuma, weka mawe kwenye magurudumu ya mbele, maana handibreki hushika ya nyuma. Na mtu asiingie chini bila stendi, ile miguu ya chuma ya kuegemezea gari. Matofali hayahesabiki kama stendi, hupasuka bila kukuonya.

Matengenezo sasa. Bati lililooza likatwe mpaka lifikie bati jeupe, kisha kiraka cha geji 18 kichomelewe, na pale jeki inapokaa geji 16, ambayo ni nene zaidi. Achomelee kwa mashine ya waya na gesi. Ile ya vijiti itatoboa bati jembamba la bodi kila mahali. Kabla ya moto, betri ichomolewe, kapeti ikunjwe, na mabomba ya petroli na breki yaliyo chini ya sakafu yakingwe. Gari liwe limeegemezwa vizuri, na fundi afungue na kufunga milango yote kabla ya kukata na baada ya kuchomelea. Ukikuta anafukia shimo kwa fila na kupaka lami juu, chukua funguo zako uondoke: lami juu ya kutu hufungia maji ndani. Mwambie asifunike kitu kabla hujaona kiraka kikiwa uchi. Baada ya rangi ya kuzuia kutu, nta ipulizwe ndani ya sili, na matundu ya maji yabaki wazi. Hilo la mwisho husahaulika sana.

SWALI: Fundi, MINI yangu ina vipande vya plastiki nyeusi chini, pale jeki inapowekwa. Kimoja kinacheza, kingine kimeshaanguka. Nibandike kwa gundi?
– Msomaji, Milimani, Kisumu

JIBU: Hapana, boss. Vipande hivyo hushikwa na vishikizo vyake vyenyewe, na vikivunjika hununuliwa vingine. Kabla ya kuweka kipya, osha shimo na uliangalie kwa tochi. Kingo zikiwa safi, kisukume hadi kilie “tap”, basi. Kingo zikiwa zimeliwa, soma jibu la Mwalimu hapo juu. Na kile kinachocheza kitoe leo, kisije kikateleza gari likiwa juu ya jeki.